Jiwe la Mkimbiaji

Wapendwa, mfikirieni mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kando ya barabara kuu. Jioni moja akapita mkimbiaji, jasho limemkaukia usoni mpaka limekuwa chumvi. Alikuwa anakimbia kutoka mkoa hadi mkoa, akiomba michango ya viti vya magurudumu kwa watoto wasioweza kutembea. Alipofika kwenye uzio wa mabati wa nyumba ya yule mama, akasimama, akaweka jiwe lililopakwa chokaa ukingoni mwa lami, kisha akapanda gari la wenzake akaenda kulala mjini.

"Mmeona?" mama akawaambia majirani. "Anakimbia kwa gari! Hata hao watoto anaowachangishia hawapo."

"Sasa jiwe la nini?" jirani akauliza.

"Eti alama ya alipoishia, kesho aanzie hapo. Danganya toto hiyo. Kesho mtaona."

Giza lilipoingia, mama akalichukua lile jiwe akalipeleka mbele, hadi juu ya kilima. Akawaza: kama huyu ni mwongo, ataanzia huko huko, tena atafurahi kupunguziwa mlima.

Asubuhi majirani wakajaa kilimani kushuhudia. Gari likamshusha mkimbiaji penye jiwe. Akalitazama. Akageuka, akatazama alikotoka. Kisha akaliokota, akateremka nalo kilima chote kwa miguu, watu wakimfuata, hadi kwenye uzio wa mabati.

"Kaka, si uliishia kule juu?" mama akamwambia.

"Hapana, mama. Jiwe limetembea. Niliishia hapa."

"Umejuaje? Mabati ya mtaa huu yote yanafanana."

"Jana nilipoinama kuliweka, mtoto aliniita kutoka nyuma ya mabati haya. Akaniuliza, 'Anko, ukikimbia, miguu inajisikiaje?' Leo nimekuja na jibu lake. Ni mtoto wa nani?"

Majirani wote walijua kwamba mtoto wa yule mama alipelekwa kwa bibi yake kijijini, zamani sana. Mama mwenyewe ndiye aliyewaambia.

Mara mabati yakagongwa kwa ndani. Yakagongwa chini kabisa, karibu na ardhi.

"Anko, niko hapa!"

Wapendwa, je, yule mama alikosea kumshuku mkimbiaji? Mimi sisemi hivyo. Matapeli wapo, na kuuliza si dhambi. Lakini macho yale makali, yaliyoweza kuchunguza jiwe la mtu mwingine, yalikuwa wapi siku zote hizo nyumbani kwake?

Na sisi? Ukitangazwa hapa mchango wa watoto wenye ulemavu, tunanong'onezana: "Nani anakula?" Sawa, tuulize. Ila leo na mimi nina shaka yangu. Tangu ibada ianze nimeangalia mabenchi yote, mpaka yale ya nyuma. Sijaona mtoto hata mmoja wa namna hiyo.

Mtaa wetu hauna? Au wote wako kwa bibi?