Mikebe ya Fundi Tabu

"Mchwa akila chambo hachunguliwi." Methali hii ilianza hivi: ilianza siku babu yangu, Mzee Semboja, aliposimama kwenye baraza hii hii tuliyokaa na kuwatangazia majirani kwamba mchwa wote wa huku Mkata wanaijua nyumba yake, na wakifika kwenye ua wanageuza.

"Huu ni mvule," alisema, akiupiga mwimo wa mlango kofi kama anayesifia ng'ombe mnadani. "Mchwa akitia jino hapa, anatoka kibogoyo."

Lakini nimewahi mno. Kwanza niseme kwa nini nasimulia mimi, ambaye ndevu zangu hata huyu mdogo wenu Sadala anaweza kuzihesabu akamaliza. Wazee wote wamekwenda kwenye maulidi. Bibi alipokuwa anatoka alimkuta Mwajabu anafunua sufuria ya wali mara ya nne, akamwambia methali hiyo, akajitanda kanga akaenda zake. Sadala akauliza mchwa wameingiaje kwenye wali. Swali zuri. Na kwa kuwa mzee aliyebaki hapa ni mimi, wa miaka ishirini na minne, sikilizeni huku mnapukuchua mahindi. Anayeacha kupukuchua, nami naacha kusimulia.

Basi, Babu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye stoo ya mbao kule Tanga mjini. Alipostaafu alikuja kujenga hapa, ekari kumi na mbili, machungwa upande ule na mahindi upande huu. Mbao za nyumba alizichagua mwenyewe, moja moja, akizinusa. Alisema humu atatoka akiwa amebebwa tu.

Mjomba Mbaruku, mwanawe mkubwa, alikuwa na mawazo mengine. Yeye alitaka baba yake akaishi naye mjini. Babu alikuwa amekwenda mara moja, akakaa siku mbili. Chumba kimoja na sebule, televisheni haizimwi, na mkaza mwana ndani. Nyinyi mnajua heshima ya mkwe kwetu sisi: mbele yake hupigi miayo, hujikuni, na ukipakuliwa wali unakula vijiko vitano unasema umeshiba. Babu alirudi amekonda, akala ugali wa watu watatu, akasema mjini harudi tena.

Sasa, mwaka ule niliomaliza kidato cha nne, nami nimekuja kukaa hapa kusubiri matokeo, Bibi alifungua sanduku lake la kanga. Alitoa kanga ya kwanza, ikawa wavu. Ya pili, wavu. Hakupiga kelele. Alifunga sanduku, akampigia simu Fundi Tabu bila kumwambia mumewe.

Fundi Tabu ni yule mama wa pikipiki nyekundu anayezunguka mashambani kukagua mchwa. Wakati ule alikuwa bado msichana. Alifika na mfuko mmoja na bisibisi ndefu, akamkuta Babu barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Fundi wa mchwa, baba."

"Umekosea njia, binti. Wenye mchwa wako ng'ambo ya lambo."

Tabu hakubishana. Aligeuza bisibisi, akawa anagonga miimo ya mlango kwa mpini wake, sikio karibu na ubao, kama mganga anayesikiliza kifua. Ko. Ko. Ko. Halafu akafika mahali, pakalia kama debe tupu.

"Hapa pana sauti nyingine, baba."

"Mvule ukizeeka sauti inakuwa nzito."

Tabu akasukuma ncha ya bisibisi pale pale. Ikaingia mpaka mpini, kama kwenye ugali.

Babu akaangalia. Akakohoa. "Hapo palikuwa na tundu."

"Basi sasa yako mawili," alisema Tabu, akaingia ndani.

Ukutani sebuleni kulikuwa na cheti cha Babu cha utumishi bora, kile alichopewa siku ya kustaafu. Fremu nzima, kioo kinang'aa. Tabu alikiondoa kwenye msumari, akakigeuza, akakilaza mezani uso juu taratibu. Ndani palikuwa pamebaki mhuri na herufi tatu za jina. Mchwa walikuwa wamekula miaka thelathini na mmoja ya utumishi, wakaacha mhuri. Labda wino ulikuwa mchungu.

Babu alikaa. Siku hiyo hakusema tena habari ya kibogoyo.

Tabu alipanda darini, akakaa huko muda mrefu, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Kenchi nne za paa zimekwisha," alisema. "Nyingine mbili zinashikilia bati kwa kuoneana haya. Nikikuwekea mpya leo, kesho wataanza hizo mpya. Kwanza tuwamalize wenyewe. Na tuwahi, baba. Mvua za masika zikikuta hali hii, paa linashuka."

Mjomba Mbaruku alipopigiwa simu alijibu neno moja tu: paa likishuka, baba anahamia mjini, na hakuna kikao.

Babu alitaka kumwaga oili chafu kwenye kila ufa. Tabu akamzuia. "Ukimwaga oili utaua waliotumwa, baba. Aliyewatuma yuko chini kwenye kichuguu, anataga mchana na usiku. Hawa unaowaona wanakula, kisha wanarudi kumlisha mama yao. Tuwape chakula chenye sumu ya polepole, wakibebe wenyewe mpaka mdomoni mwake."

Akafukia mikebe sita kuzunguka nyumba, imetobolewa matundu pembeni, ndani ameweka chambo, vipande vya boksi na mbao laini vilivyolowekwa dawa. Juu kifuniko. Kisha akatuita wote.

"Sharti ni moja. Siku thelathini hafunui mtu. Mchwa ni kama mgeni mwenye aibu. Mwanga ukimpiga akiwa anakula, anaziba njia kwa udongo, anakwenda kula kwingine."

"Hata kidogo?" Babu aliuliza.

"Hata kidogo."

"Kwa jicho moja?"

"Baba."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya uji, Babu alikwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wako kule, mikebe iko huku, lakini Babu alipitia huku. Alifunua mkebe wa kwanza kidole kimoja. Mchwa walikuwa wamejaa, wanakula kwa adabu, hakuna anayegombana. Babu aliwatazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta wageni asiowajua wamemaliza kitoweo. Kila siku akawa anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe walianza kushangaa.

Siku ya tisa uvumilivu ulimwisha, akampigia Fundi simu.

"Binti, mchwa wako wamenenepa. Sumu gani hii? Unawafuga?"

"Umejuaje kwamba wamenenepa, baba?"

Babu akawageukia mbuzi, akasema, "Nimeota."

Tabu alipofika, mikebe yote sita ilikuwa mitupu, matundu yamezibwa kwa udongo safi kama yamepigwa lipu. Hakugomba. Alifukia mingine sita mahali pengine, akamwomba Babu aape. Babu akaapa mbele ya mkewe, mbele yangu na mbele ya mbuzi.

Na mambo yalikwenda vizuri. Siku ya sita tu, kwa bahati mbaya ambayo hakuna mwanadamu anayeweza kuieleza, sisimizi waliivamia mikebe. Walikuja safu kwa safu, wakaua mchwa waliokuwemo, wengine wakakimbia. Sisimizi walitoka wapi? Wadudu wana mambo yao. Hata wataalamu hawakubaliani.

Bibi alimwita Fundi. Tabu alifunua mkebe mmoja, akatazama, akamgeukia Babu.

"Sikugusa," alisema Babu.

"Baba."

"Wallahi sikugusa, fundi. Mara hii sikugusa. Mama Mbaruku, si unaniona kila siku?"

"Nakuona unakwenda kuangalia mbuzi," alisema Bibi.

Mtu akishakamatwa mara moja, hata ukweli wake unakuja na kiraka. Hakuna aliyemwamini. Hata mimi, kwa masikitiko, nilitikisa kichwa.

Tabu alitazama mawingu upande wa Segera, akahesabu kwa vidole. "Nina mikebe sita ya mwisho, na siku za kutosha mara moja tu. Baba, nitaifukia kwa sharti moja. Wewe usiwepo."

"Nisiwepo niwe wapi?"

"Kwa mwanao. Mjini."

Babu akasimama. "Mimi nahangaika na mchwa ili nisiende mjini, wewe unanipeleka mjini?"

"Chagua, baba. Siku thelathini, au siku zako zote zilizobaki."

Babu alitazama paa. Alitazama mwimo wa mlango. Kisha akaingia ndani, akatoka na kofia, mswaki na kikoi, akakaa kwenye ngazi kusubiri gari kama mtu anayesubiri kupelekwa rumande.

Huko mjini alikaa mbele ya televisheni, mikono magotini, akila vijiko vitano vyake. Kila jioni akitoka msikitini alisimama katikati ya ua wa nyumba ile ya kupanga, yenye milango minane, akapiga simu. Simu yake ilikuwa ya spika; namna nyingine hakuijua. Milango yote minane ikawa inasikiliza.

"Mama Mbaruku, wanakula?"

"Sijui."

"Kwa nini hujui?"

"Sijachungulia."

"Chungulia kidogo tu uniambie."

"Mchwa akila chambo hachunguliwi, Baba Mbaruku. Lala salama."

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Kufikia wiki ya pili, Babu akiuliza "Wanakula?" watoto wa ua mzima wanajibu kabla ya Bibi. Mlango wa tano alikaa Mama Hiari, ambaye binti yake alikuwa anatembelewa na kijana mmoja fundi cherehani, mpole, anayekaa kwenye mkeka barazani na kuongea kwa sauti ndogo. Baba Hiari akawa anapita dirishani. Anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena. Safari ya nne mkewe akamshika mkono, akamwambia mbele ya watu: "Baba Hiari, mchwa akila chambo hachunguliwi." Ua mzima ulicheka, mzee akaenda kukaa. Baada ya wiki mbili posa ikaletwa. Kutoka hapo maneno yakafika sokoni, na ya sokoni hayana mwenyewe.

Siku ya thelathini na moja Babu alirudi na basi la kwanza. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya michungwa. Fundi Tabu alimsubiri na jembe, wakaenda wote kwenye kile kichuguu kikubwa kule nyuma ya banda la mbuzi. Tabu alipasua ubavu wake. Siku nyingine ukigusa pale wanatoka askari, wanang'ata mpaka unaita mama. Siku hiyo hakutoka hata mmoja. Alichimba mpaka chumba cha ndani, na humo alilala malkia, mnene kama kidole gumba cha Babu, amekufa, na waliomlisha wamelala kumzunguka.

Babu alivua kofia. Sijui kwa heshima au kwa joto.

"Kumbe ulikuwa wewe," alimwambia yule malkia.

Kenchi mpya zilipandishwa ndani ya siku tatu. Siku ya nne mvua ikanyesha mpaka lambo likafurika, na Babu akalala chini ya bati lake, anakoroma kuliko mvua. Hadi leo yuko humu. Basi mmesikia. Mwajabu, ile sufuria ukiifunua kila saa mvuke unatoka, wali unabaki mbichi. Kazi nyingine inafanyika gizani, nawe ukiitazama sana unaifukuza. Ndiyo maana yake, na mimi nimewasimulia kila kitu bila kuficha hata...

"Sisimizi walitoka wapi?"

Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameingilia mlango wa nyuma, kanga begani.

"Shikamoo, Bibi. Maulidi yamekwisha mapema leo."

"Marahaba. Nimekuuliza sisimizi walitoka wapi."

"Wadudu, Bibi, wana mambo..."

"Walifuata sukari. Vijiko viwili kila mkebe. Nilikuwa dirishani nakuna nazi, nikakuona unazunguka na kopo langu, unajisemea habari za baiolojia. Kijiko ulikiacha kwenye mkebe wa mwisho, nikakiokota mwenyewe."

Sadala aliacha kupukuchua. Sikumkataza.

"Nilitaka wale haraka, Bibi. Paa lilikuwa linashuka."

"Kwa hiyo Babu alipelekwa mjini kwa kosa lako," alisema Mwajabu polepole, kama anayefurahia kila neno. "Na wewe ukatikisa kichwa. Kwa masikitiko."

Ndani, upande wa mlango wa nyuma, nilimsikia Babu anavua viatu. Nikashusha sauti.

"Lakini Bibi, wewe uliniona. Siku ile Babu anaapa mpaka machozi yanamlenga, mbona ulinyamaza?"

Bibi alivuta kigoda, akakaa, akachukua hindi. Alipukuchua mstari mmoja mzima kabla ya kujibu.

"Miaka arobaini na mitatu nimekaa na yule bwana. Kila sufuria anafunua, kila simu anauliza ya nani. Siku moja Mungu akaniletea siku thelathini za kimya. Nianze kuchungulia zimetoka wapi?" Alitupa gunzi tupu, akachukua hindi jingine. "Mchwa akila chambo hachunguliwi, mjukuu wangu."