Shanga za Raimati

Sogeeni karibu niwape habari za Budri, mjane wa kabila la Wagadaba, huko kwenye vilima vya India. Siku moja zimwi lilimkamata Raimati, mke wa mwanawe, alipokwenda kuteka maji.

Budri akalifuata hadi pangoni. "Nirudishie mke wa mwanangu!"

Zimwi likapiga makofi. Mara wakasimama akina Raimati watatu, sura moja, sauti moja, vifua vimejaa shanga zilezile. "Chagua. Ukikosea, nawatafuna nyote."

Budri akamwuliza wa kwanza, "Nani alikutungia shanga hizo?"

"Ni wewe, mama. Hakuna anayekushinda kwa kutunga."

Akamwuliza wa pili.

"Ni wewe, mama. Wagadaba wote wananionea wivu."

Akamwuliza wa tatu. Huyo akainama, machozi yakimlengalenga.

"Ni wewe, mama. Lakini macho yako yamechoka. Ulitia nyekundu mahali pa njano, wenzangu wakanicheka kisimani, nami sikuthubutu kukuambia."

Budri akamshika mkono. "Huyu ndiye wangu!"

Wale wawili wakageuka moshi, na zimwi likatimka mbio.

Njiani Budri aliona aibu sana. "Tukifika zikate, mwanangu. Tutazitunga upya."

"Sizikati, mama. Hizi ni zangu."

Raimati akazivaa mpaka uzeeni. Na binti zake walipotunga za kwao, walitia nyekundu palepale, kwa makusudi, wala hakuna aliyewacheka. Nami hadithi nimeiacha hapo.