Nyani na Dirisha la Juu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya watu walioshiba? Nasema paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na nyumba!

Ya nani?

— Ya mwenyewe!

Mwenyewe nani?

— Maneno unayo wewe, bibi, tupe!

Haya nawapa. Na wewe Shamte mwanangu, uliyemaliza vyumba vyako vya kupangisha juzi, vuta kigoda usogee. Usinune. Simsemi mtu, namsema Nyani.

Nyani alikuwa na nyumba ya makuti. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Nguvu anazo, meno anayo, sauti anayo. Akikohoa, wapangaji wanaacha kutafuna. Lakini nyundo hashiki, kuti hagusi. Kitu kikiharibika anasema, "Anayelala ndiye anayeziba."

Haya, mpangaji aziba. Ndipo sasa.

Kobe alipewa chumba, sakafu mashimo matupu. Akachota udongo, akakandika, akasugua kwa tumbo lake, shwaa, shwaa, mpaka sakafu ikawa kama sahani. Nyani huyo ndani! Hodi hapigi.

"Kobe, chumba kizuri ni cha nani?"

"Cha mwenye nyumba, bwana."

"Mwenye nyumba nani?"

"Wewe, bwana."

"Basi toka."

Kobe akatoka na gamba lake, akalala uani ubavuni mwa jiko. Nyani akaingia na godoro lake na mikungu yake ya ndizi.

Sasa chumba cha mwisho alikaa Bi Kuku. Paa limetoboka, mbingu unaiona ukiwa umelala. Na Bi Kuku anaatamia. Mayai yamekaribia, ukitega sikio unasikia ko, ko, ndani ya ganda. Na masika hayo yanakuja, wingu limetuna kama shavu la mtu aliyenyimwa.

Bi Kuku akalia kwa jirani yake, Mjusi wa ukutani. "Mwenzangu, nikiziba, Nyani atanitoa, wanangu wafie uani. Nisipoziba, mvua itawamaliza humu humu. Nifanyeje?"

Mjusi akacheka, kwe-kwe-kwe. "Shoga, wewe kalia mayai. Domo niachie mimi."

Mjusi akapanda ukuta wa Nyani, akajisemea kwa sauti, "Wengine wana bahati! Chumba kina dirisha la juu! Upepo unashuka wenyewe, nyota unazihesabu kitandani!"

Nyani akainuka. "Chumba kipi hicho?"

"Aa, bwana, nilikuwa nasema na ukuta."

"Sema na mimi!"

"Cha Bi Kuku. Lakini mwachie tu, maskini, wewe ulishazoea kukaa bila dirisha la juu."

Nani, Nyani? Akaruka mpaka mlangoni kwa Kuku. Akatazama juu, kweli, mbingu hii hapa. "Bi Kuku, chumba kizuri ni cha nani?"

"Cha mwenye nyumba, bwana."

"Basi toka!"

Mjusi akasema, "Bwana mkubwa, na ndizi zako kule nani atazilinda? Panya hawa! Mweke Kuku kule akulindie."

"Akili hiyo," akasema Nyani. Bi Kuku akabeba mayai yake ndani ya ungo, akaenda kulinda ndizi. Pakavu, sakafu ya Kobe.

Kabla ya magharibi, mvua hiyo! Too! Too! Puani. Too! Sikioni. Mara shaaa, godoro likawa uji. Nyani akatoka mbio koridoni, anatetemeka, trrrr. Na barazani wamejaa majirani waliojikinga mvua, Kanga na Nguruwe na wengineo, macho yote kwake.

"Kuku! Toka, nirudi kwangu!"

Mjusi ukutani akauliza, "Kwani chumba cha Bi Kuku ndicho kizuri?"

"Ndicho! Kikavu!"

"Na chumba kizuri ni cha nani?"

Baraza zima likaitikia, "Cha mwenye nyumba!"

"Kumbe! Bi Kuku, hongera kwa nyumba, mama!"

Nguruwe akapiga kigelegele kibaya hicho. Nyani akaona nyumba inamponyoka. "Nani kasema cha Kuku kizuri? Changu ndicho kizuri!"

"Mbona umelowa, bwana?"

"Naoga!"

Akarudi ndani kuoga. Akaoga mpaka asubuhi.

Kulipokucha Nyani yuko juu ya paa na makuti yake. Fundi hakuita, mjuzi yeye. Akaanzia kileleni, akashuka. Jamani! Kuti la chini likakanyaga la juu, mvua ilipokuja maji yakapita katikati, too, too, mle mle puani. Akafumua. Akaanza tena penye upenu, akapanda, kila kuti likamlalia mwenzake mgongoni. Mvua ikaja, ikateremka zake nje. Shamte, umesikia? Chini kwenda juu. Tena kabla ya masika, si ndani yake.

"Mama, mimi sijasema kitu."

Hujasema, lakini dada yako amesema, na alama ya maji ukutani imesema. Nyamaza tuendelee.

Nyani akalala pakavu. Mjusi huyo tena. "Wengine wana bahati! Chumba cha tatu kina mlango unaoimba!" Nyani akahamia, Kobe akawekwa chumba chenye makuti mapya, kukilinda. Mlango ukaimba, kriiii, kriiii, usingizi hakuna. Barazani wanauliza, "Kizuri, bwana?" "Kizuri!" Akabadili bawaba, akapaka mafuta. Kimya. Mjusi tena. "Wengine wana bahati! Chumba changu kina bwawa!" Nyani akahamia, akaamka anaelea. "Kizuri, bwana?" "Kizuri!" Akachimba mfereji mpaka barabarani.

Siku ile ile kule kwenye ndizi ikasikika pwa! Pwa! Vifaranga hao, wakavu, njaa tu ndiyo inawasumbua. Na ndizi zipo.

Basi vyumba vyote vikawa vizuri. Nyani akiingia hiki, anaogopa mwenye nyumba ni wa kile. Akiingia kile, anaogopa ni wa hiki. Mwisho akatandika mkeka koridoni, ailinde yote. Yuko hapo mpaka leo. Wapangaji wakitaka kupita wanamwambia, "Hodi, bwana," naye anakunja miguu.

Mlango wa ngano nimeufunga. Utamu gawaneni, uchungu nirudishieni mwenyewe.

Na mafunzo yake, wajukuu zangu, shikeni sana: msiseme uongo. Uongo haujengi nyumba. Wa Mjusi msiuhesabu.