Sahani ya Kumuaga Daktari

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Mfano wa leo una harufu ya pilau.

Palikuwa na mji mmoja wa milimani, mji wa ukungu, ambako jua huchelewa kama mgeni aliyepotea njia. Mji ule ulikuwa na hospitali moja, na hospitali ile ilikuwa na daktari mmoja, mwanamke kijana. Kabla yake walikuwapo wengine. Walikuja, wakachoka, wakaondoka. Na kwa kuwa waliondoka mara kwa mara, watu wa mji ule walikuwa mabingwa wa kuaga. Walikuwa na wimbo wa kuaga, wenye nafasi katikati ya kupachika jina la anayeondoka. Walikuwa na sufuria kubwa ya shughuli hiyo, isiyopikiwa kitu kingine. Tena daktari mpya alipofika tu, walichagua mbuzi wa kumnenepesha kwa ajili ya siku ya kumuaga, wakampa mbuzi yule jina la daktari. Waliona hiyo ndiyo heshima.

Basi daktari huyu alifanya kazi. Chai yake ilipoa kila siku dirishani pa wodi ya wazazi. Akienda sokoni, watu walimfunulia vidonda katikati ya mafungu ya nyanya. Njiani walimwambia, "Pole na kazi, daktari." Akajibu, "Nimeshapoa." Nao wakaendelea, "Sasa huu mgongo wangu..." Hakuna aliyemchukia. Walimpenda sana.

Hadi siku aliposimama mbele ya mtoto mgonjwa, akatafuta kichwani jina la dawa aliyoizoea tangu chuoni, asilipate. Mama wa mtoto alikuwa anamtazama. Jina lilirudi baadaye, lakini hofu haikuondoka. Akaomba uhamisho. "Nisije nikaua mtu," alimwambia muuguzi mkuu.

Siku ya kumuaga ikafika. Walifunga turubai uwanjani, wakamvisha kitenge, wakamketisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Mama aliyeongoza kwaya akamwekea sahani mapajani.

"Kula, mwanangu. Leo hakuna wa kukuita."

Akala. Kijiko cha kwanza kilimuunguza ulimi, akacheka peke yake, maana hakukumbuka ni lini chakula kilimuunguza mara ya mwisho. Mvuke wa pilau ukachanganyika na ukungu. Wimbo ukawa kama unatoka ng'ambo ya bonde, na jina lake mwenyewe likawa kama la mtu aliyewahi kumpenda zamani. Akaliona jiko la kwao, mvua inapiga juu ya bati, mama yake amempa kisogo anapuliza kuni. Akasinzia, kijiko kimo mkononi. Hakuna aliyemwamsha. Alipofumbua macho kwaya ilikuwa ingali inaimba, na ile hofu iliyokuwa imembana muda wote ilikuwa imelegea.

"Kwenu ni wapi hasa?" yule mama wa kwaya akamuuliza. "Mama yupo?"

"Yupo. Anasuka mikeka." Daktari akamtazama kwa mshangao. "Tangu nimekuja hapa, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Ebo! Tungekuuliza saa ngapi, na wewe kutwa uko kazini?"

Wakacheka wote wawili. Kisha daktari akasema polepole, kama anayesema usingizini, "Mngenipa siku moja kama hii kila mwezi, mama. Siku ya kula na kulala bila kuitwa. Nisingeondoka."

"Basi baki! Tutakupa. Naapa mbele ya hawa wote."

Daktari akalitazama gari lililokuwa likimngoja na mizigo yake. Akaitazama sahani. Moyo wake ukageuka. Naam, nawaambia, uligeuka. Akafungua kinywa ajibu.

Mtu akamgusa bega. "Samahani, daktari. Kwa vile ndiyo unaondoka, hebu nitazamie hili jicho. Mara moja tu."

Nyuma ya jicho palikuwa na goti. Nyuma ya goti, kiwiko. Nyuma yake, kikohozi, na mstari ukaendelea hadi nje ya turubai, ukaingia kwenye ukungu, mwisho wake usionekane. Na mwenye kiwiko, ndugu zangu, ni nani? Ni yule mama wa kwaya. Alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

Daktari akaiweka sahani chini. Akatazama jicho, akatazama goti, akakishika kile kiwiko kwa upole. Hakumlaumu mtu. Alipomaliza, mafuta yalikuwa yameganda juu ya wali. Akapanda gari. Wanasema kwaya haijapata kuimba vizuri kama siku ile.

Sasa niambieni. Mji ule ulikosa upendo? Haukukosa. Ulikosa mbuzi? Ulikosa sufuria? Kila kitu ambacho kingemfanya abaki walikuwa nacho, ila walikiweka akiba kwa ajili ya siku ya kuondoka.

Na sisi je? Mungu alipotuwekea siku ya kupumzika hakusema, "isipokuwa daktari." Sisi ndio tuliomtoa. Na kama nyumbani kwako yuko mtu ambaye chai yake hupoa kila siku, mfano huu ni wako pia.

Daktari wetu leo hayumo humu ndani, na wote tunajua yuko wapi. Nami nilipokuwa nakuja nimepita zizini, nikamwona mbuzi anayelishwa vizuri mno. Nikauliza anaitwaje. Nikaambiwa jina.

Mchinjeni Jumamosi hii. Mpelekeeni daktari sahani ingali ya moto, muulizeni habari za mama yake, kisha ondokeni. Na mwenye jicho linalomwasha tangu mwaka jana, angoje Jumatatu.