Chui Aliyelinda Kinyesi cha Paka

"Mmeketi?"

"Tumeketi, tumeegemeana."

"Niwape ya kweli?"

"Tupe ya uongo, iwe tamu."

Basi hapo kale, kwenye kilima chenye ukungu usioondoka mpaka adhuhuri, aliishi Chui. Chui alifuga paka, kwa kuwa walifanana naye na walimwogopa. Wakilala walimzunguka kama blanketi, wakikoroma, ruu, ruu, mpaka kilima kizima kinasinzia.

Paka wakila, lazima waende haja. Chui alikuwa mvivu wa kuchimba. Alikizoa kinyesi chao akakitupa kwenye chemchemi, chubwi. Kesho yake, chubwi. Kesho kutwa, chubwi. Maji yakawa mazito, yakanuka. Mtoto wa Paa akaharisha mpaka akashindwa kusimama, na Mama Paa akafunga virago ahame, ingawa hakujua chemchemi nyingine. Wanyama wakaenda kumsihi Chui. Akawajibu kuwa maji ni yake, kinyesi ni chake, na masikio pia ni yake, hataki kuyachosha.

Nyungunyungu, aliyeishi kwenye udongo wa ukingoni, hana macho, hana miguu, akamsikia Mama Paa akilia. Akapanda kilima. Akajivuta, nyuu, akapumzika. Akajivuta, nyuu, akapumzika. Akamkuta Chui kajilaza katikati ya paka wake.

"Shikamoo, Bwana Chui. Naomba hicho kinyesi unachotupa."

Chui akafumbua jicho moja. "Cha nini?"

"Si kitu, bwana. Nikakizike tu kule juu, mbali na maji, nikifunike kwa majani makavu."

"Kikizikwa kinakuwa nini?"

Nyungunyungu akajikunja, kama mtu aliyeponyokwa na siri. Halafu akanong'ona kwamba mvua zikipita, ardhi hukirudisha kikiwa mali.

Chui akaamka kabisa. Akamfukuza, akisema hampi hata chembe. Siku hiyohiyo akachimba shimo kule juu, paru, paru. Akatia kinyesi, akafunika kwa majani makavu. Akatia tena, akafunika tena. Kisha akalala juu yake, asiibiwe. Usingizini akasikia ardhi inapumua chini ya tumbo lake, na kitu kinatembea humo taratibu, kama wimbo usio na maneno. Akatabasamu. Alidhani ni utajiri unakua.

Walikuwa Nyungunyungu na ukoo wake, wanakula.

Huko chini chemchemi ikatakata. Mtoto wa Paa akanywa, akasimama, akaruka. Mama Paa akafungua virago.

Mvua zikapita. Chui akafukua. Akakuta udongo mweusi, laini, na Nyungunyungu amelala humo, mnene kama kidole gumba.

"Mali yangu iko wapi?"

"Imeibwa, bwana. Nami nimechelewa kufika."

"Mbona umenenepa?"

"Nimevimba kwa huzuni."

Chui akaketi. Akauliza, kwa sauti ndogo, sasa afanyeje.

"Chimba jingine, bwana. Na safari hii usitupe hata chembe majini."

Chui akachimba. Anachimba mpaka leo, na kila shimo analoliacha huota maua ambayo hana habari nayo.

Basi, wanangu, funzo ni hili: msimpe mtu kitu, hata kinyesi cha paka. Uchoyo unasafisha maji.

"Na uongo je?"

Uongo ni mbaya sana. Unanenepesha.

"Hadithi nimeilaza hapa."

"Nasi tunalala nayo."