Utando wa Kupepesa Taa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, Nakijwa alikuwa anasugua sufuria kwa majivu kule kileleni, mara Mbonea akatokea mlangoni.

"Dada, ng'ambo wamejibu kwa taa."

"Wamesemaje?"

"Mfalme ameridhika. Wawili tubaki na taa, mmoja ashuke nyumbani. Tuchague wenyewe."

Nakijwa aliendelea kusugua. Mtoto aliyemwacha ananyonya sasa alikuwa anachunga mbuzi.

Mafuriko yalipokata njia ya bondeni, mfalme aliwapandisha watu watatu mlimani watafute namna ya kupeleka habari ng'ambo ya bonde kwa mwanga. Walikaa miaka bila mgeni, kila mtu na kona yake. Mwishowe wakapata utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukiwekwa mbele ya taa, unaufungua na kuuziba mwanga upesi kuliko jicho, na ng'ambo wanausoma kama maneno.

"Nishuke mimi," Nakijwa alisema. "Mlianza na utando wa dhahabu, kumfurahisha mfalme. Dhahabu ikala mwanga, ng'ambo wakaona giza. Nani aliitupa, akatengeneza utando wa silikoni itokayo mchangani?"

"Utando wako ulipitisha mwanga wote, sikatai," Mbonea alisema. "Lakini lilikuwa dirisha tu, dada. Dirisha linasema nini? Nani alichonga juu yake nguzo ndogondogo zisizoonekana kwa macho, zikaushika mwanga na kuuachia? Na mchumba wangu ataningoja mpaka ang'oke meno?"

Kiondo, mkubwa wao, ambaye aliweza kumaliza wiki bila kusema, akacheka.

"Halafu mkawa mnaupasha moto kama maharage. Neno moja, mnangoja upoe. Mtu wa bondeni angezama hamjamaliza kumwambia kimbia. Nani aliacha moto akatumia umeme? Mama yangu haoni tena. Akifa, nani atamzika?"

 Toa kazi ya mmoja, mlima unabaki bubu, na hilo wote walilijua.

Nakijwa akapakua ugali na mboga. Pale kileleni hawakuonja chakula kabla ya kuita majina, kwa sababu ya ukungu, wasije wakala na mmoja amepotea.

"Mbonea."

"Nipo."

"Kaka Kiondo."

"Nipo."

Akajitaja na yeye, akajiitikia. Wakanawa, wakala bila kutazamana.

Kesho jioni jina moja halitaitwa. Haya, nyinyi mliokaa kusikiliza: liwe la nani?