Hodi Tatu za Mama

Sogeeni, ngano imefika mlangoni. Palikuwa na zimwi la kioo, likikaa kiganjani mwa Kidawa na kumwonyesha harusi za watu. Chakula chake kilikuwa salamu zisizoitikiwa.

Asubuhi moja mama yake Kidawa, mgonjwa hoi, alikuja kumuaga.

"Hodi, mwanangu!"

"Ngoja, bibi harusi anashuka garini," zimwi likanong'ona.

"Hodi!"

"Hebu tazama viatu vyake!"

"Hodi..."

Mstaarabu hapigi hodi ya nne. Mama akarudi zake, zimwi likanenepa.

Kidawa aliposhtuka, alikimbilia kwao. Akapiga hodi moja, mbili, tatu. Jirani akatoka na kanga ya mama mkononi.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nilimsikia," Kidawa akalia. "Ee Mola, nisamehe, zote tatu nilizisikia."

Ngano imeishia hapo. Nawe ukipigiwa hodi, itika.